Fulana Isiyo na Hirizi

Uvumi ulimkuta Mama Pasi ameinamia suruali ya mwalimu, anautafuta mkunjo wa mguu wa kushoto. Aliyeubeba ni jirani yake wa chumba cha pili, mshonaji ambaye mtaa mzima ulimwita Sindano kwa sababu mbili: kazi yake na ulimi wake.

"Shoga," Sindano alisema huku akiegemea dirisha, "mimi sina neno, nakuletea tu kama nilivyoletewa. Watu wanasema huyu mwanao Pamba anausujudia mkaa."

"Anau-nini?"

"Anausujudia. Alfajiri, kabla hujafungua. Anajifunga kitambaa mdomoni, anasimama mbele ya jiko kama mtu aliyeitwa na bosi."

Mama Pasi alicheka. "Mwambie huyo aliyeona aje na yeye ausujudie. Mkaa wa siku hizi hauwaki bila maombi."

Wakacheka wote wawili, Sindano akarudi kwenye cherehani yake. Lakini uvumi una tabia ya nguo iliyoungua: nguo utaitupa, harufu itabaki kwenye nywele. Siku nzima Mama Pasi alipiga pasi nayo. Lisemwalo lipo, alijiambia. Kisha akakumbuka nusu ya pili ya methali hiyo, kwamba kama halipo laja, na hiyo ndiyo iliyomtisha.

Maana yeye mwenyewe alikuwa ameona.

Duka lao lilikuwa chumba kimoja chenye dirisha pana la kuelekea barabarani, meza ndefu iliyovikwa blanketi kuukuu, kamba za nguo juu ya vichwa, na jiko la mkaa nje, chini ya kipande cha bati. Umeme wa mtaa ule ulikuwa kama mgeni mwenye haraka, hukai naye ukapanga naye jambo, kwa hiyo walitumia pasi za mkaa, zile nzito zenye tundu za kutolea jivu. Mama Pasi alimaliza shule ya msingi leo, kesho akashika pasi, na hakuiweka chini tena. Na pasi ya mkaa hupulizwa. Unaikaribia tundu, unatoa pumzi moja fupi, jivu linaruka pembeni kabla halijadondokea shati jeupe la watu. Hivyo ndivyo alivyofundishwa, na hivyo ndivyo alivyomfundisha mwanawe wa pekee, aliyeitwa Pamba kwa sababu alizaliwa mwepesi mpaka bibi yake akauliza kama kuna mtu ndani ya ile kanga.

Sasa Pamba alikuwa mtu mzima, na alikuwa ameacha kupuliza. Aliitoa pasi nje akaipepea kwa kipande cha kadibodi, au akaibembeza huku na huku kama mtoto mwenye homa. Akiwasha jiko, alijifunga mtandio puani na mdomoni.

"Mbona hupulizi siku hizi?" mama yake aliwahi kumuuliza.

"Moshi, mama. Kifua."

Basi Mama Pasi akamchemshia tangawizi, akaendelea na kazi. Uvumi ulipokuja ndipo tangawizi ile ilipomrudi kooni. Mtoto hakuwa na ugonjwa wa kifua.

Jambo lenyewe lilianzia kwenye mfuko, na hilo pia alilishuhudia kwa macho yake. Katika kazi ya dobi, hakuna nguo inayoingia majini kabla mifuko haijapinduliwa. Huko ndiko wanakokutana na funguo, tiketi, pipi zilizoyeyuka na siri za waume wa watu. Pamba alikuwa akipindua mifuko tangu alipokuwa hafikii meza. Siku moja alikuwa akizipanga fulana za Mzee Miwani, mzee aliyesaga vioo na kutengeneza miwani kwenye baraza la nyumba ya mwisho barabarani. Kila juma alileta fulana zake nyeupe, nyembamba kama ngozi ya kitunguu, na kila moja ilikuwa na kimfuko kidogo sana kifuani, chini ya shingo.

"Mzee," Pamba alimuuliza alipozifuata, "kimfuko hiki cha nini? Hakiingii hata kidole."

"Cha kuwekea mema," mzee alijibu. "Kila jioni najikagua: leo nimeweka nini humu?"

"Na ukikuta hakuna kitu?"

"Mara nyingi sana hakuna kitu, binti yangu. Ndiyo maana wakakishona kidogo, mtu asikate tamaa."

Mama Pasi alikuwa wa kwanza kucheka siku hiyo. Alimpenda mzee yule kwa namna watu wanavyompenda mteja asiyesumbua. Alijua kwamba zamani mtaa ule ulikuwa na maduka ya watu wa kwao, kwamba wengine walihama na wengine walikufa, na kwamba alibaki yeye na jiwe lake la kusagia vioo. Dini yao ni ipi, hakuwahi kuuliza. Kwani ukifua nguo ya mtu lazima uijue sala yake?

Baada ya hapo Pamba mwenyewe ndiye aliyekuwa akimpelekea mzee fulana zake, na akienda alikawia.

Siku chache baada ya uvumi, Pamba akiwa ametoka kupeleka nguo za muuguzi, Mama Pasi aliingia chumba cha nyuma walikolala, akainua godoro la mwanawe. Alipokuwa akiinua alijiambia kwamba anatandika. Chini yake kulikuwa na fulana nyeupe, mpya, iliyoshonwa kwa mkono, mishono midogo yenye subira. Na kifuani, kimfuko.

Mtu mwingine angeona mfuko. Yeye, aliyetumia maisha yake akitoa vitu mifukoni mwa watu, aliona mahali pa kufichia. Kinachofichwa kifuani mwa mtoto wa watu ni nini kama si hirizi? Alichukua wembe wa kukatia nyuzi, akakifumua kimfuko kile mshono baada ya mshono, akakipindua, akakisugua kwa kidole gumba. Hakikuwa na kitu. Akakipindua tena, kana kwamba kitu kile kilijibanza.

"Mama."

Pamba alikuwa amesimama mlangoni, kapu tupu mkononi.

"Hii nini?" Mama Pasi alisema, akiwa wa kwanza kukasirika, maana mwenye kosa akichelewa kukasirika amekwisha.

"Ungeniuliza tu, mama."

"Nakuuliza sasa. Watu wanasema unaabudu moto."

Pamba aliweka kapu chini. Alikaa kwenye ukingo wa kitanda, mikono kati ya magoti, kama alivyokuwa akikaa alipoletewa matokeo ya mtihani. "Siabudu moto. Mtu akivaa miwani, anaangalia miwani, au anaangalia kwa miwani?"

"Hayo ni maneno ya yule mzee."

"Ni yake. Lakini ni kweli. Dini yao inaitwa ya Zoroasta, ya zamani sana. Mungu ni mmoja, mwenye hekima yote. Moto na mwanga ni vya kumkumbukia, ndiyo maana havipulizwi kwa pumzi ya mdomoni, havichafuliwi. Halafu ni mawazo mema, maneno mema, matendo mema. Basi. Mama, mimi nikisali kwa namna yetu, miaka yote hii, huwa kama mtu anayesoma tangazo ukutani. Lakini nikiwasha jiko alfajiri..." Akakwama. "Sijui kusema."

"Na hiyo dini iko wapi? Nionyeshe nyumba yake ya ibada hapa mjini."

"Haipo."

"Nionyeshe kiongozi wake."

"Hayupo. Walio karibu wako ng'ambo, na wengi wao hawapokei mtu ambaye hakuzaliwa ndani. Kuna wengine, mbali zaidi, wanapokea. Wana mwalimu anafundisha kwa simu."

"Kwa simu!" Mama Pasi alipiga makofi. "Dini ya mtu mmoja na chaji! Sasa nani atakuoa? Ukiugua, nani atakuja kukaa kitandani kwako aimbe? Ukifa, Pamba, nani atakuzika? Yule mzee ambaye yeye mwenyewe hana wa kumzika?"

"Ndiyo maana bado nauliza, mama. Sijaamua kitu."

Maneno hayo yalitamkwa. Sindano mwenyewe, kupitia ukuta mwembamba uliotenganisha vyumba vyao, aliyasikia. Mama Pasi peke yake hakuyasikia, kwa sababu alikuwa tayari ameshaona kaburi, na kando ya kaburi hakuna mtu.

"Hii nakaa nayo," alisema, akaikunja fulana kwapani.

Kama mambo yangekomea hapo, ingekuwa ni ugomvi wa mama na mwanawe, na nyumba gani haina ugomvi? Lakini mtaa nao ulikuwa na njaa yake. Mlinzi wa ghala alikuja kuchukua sare yake kabla haijapigwa pasi, akasema atainyoosha mwenyewe chini ya godoro. Mke wa mwalimu alimtuma mtu kuichukua suruali ya mumewe. Wateja waliobaki walianza kunusa nguo zao. Na siku moja kabla ya adhuhuri, wakiwa wanne watano dirishani, muuguzi akasema kwa sauti ya mzaha isiyokuwa ya mzaha:

"Mama Pasi, hebu tuambie. Gauni langu mnalipiga pasi kwa mkaa wa kawaida au kwa mkaa uliosaliwa?"

"Wale ni Majusi," mlinzi alidakia. "Mimi nimesoma. Wanauabudu moto kabisa, wanaupa kuni kama sisi tunavyompa mgeni chai."

"Shoga, sema neno," Sindano alisisitiza kutoka mlangoni kwake. "Ukinyamaza ndiyo umekubali."

Pamba hakuwepo. Mama Pasi aliwatazama, na katika nyuso zile hakuona wateja, aliona mazishi yale yasiyo na watu. Akaona mwanawe akipita barabarani na watoto wakimfuata nyuma. Ulimi hauna mfupa. Wake siku ile haukuwa hata na mzizi.

"Mwanangu hana kosa," alisema. "Mwanangu ameshikwa. Yule mzee wa miwani amemfanyia kitu."

Wakasogea karibu na dirisha, kama watu wanaotaka kusikia zaidi. Na yeye akaongeza. Aliinama chini ya meza, akaitoa fulana, akawaonyesha kimfuko kilichofumuliwa.

"Humu ndimo alimoweka. Nimekitoa kwa mkono wangu."

"Kitu gani?"

"Kitu. Kimefungwa kwa uzi mweusi. Nimekitupa chooni."

"Haa!" Sindano alijishika kifua. "Kikulacho ki nguoni mwako! Wahenga hawakukosea hata herufi."

"Maskini mtoto," muuguzi alisema, na mkono wake ukapita dirishani ukaushika mkono wa Mama Pasi. "Pole mama. Pole sana."

Ni vigumu kulisema hili, lakini ni lazima lisemwe, maana bila hili hadithi yote haina maana: Mama Pasi alisikia raha. Alisikia mabega yakishuka. Mzigo uliokuwa juu ya kichwa cha mwanawe ulikuwa umehama, na kwa muda ule hakujali umekwenda kutua kichwani kwa nani. Mchana ule mlinzi alirudisha sare yake.

Uongo una miguu mirefu ukiwa unakwenda. Juma halijaisha, uzi mweusi ulikuwa umekuwa nywele, nywele zikawa kucha. Ikasemwa kwamba miwani ya mzee ina mazingaombwe, kwamba ukiivaa anaona unachokiona. Mtu mmoja alivunja yake hadharani, kisha akatembea akipapasa ukuta mpaka nyumbani. Watoto wakatunga wimbo. Mwenye nyumba akamwambia mzee kwamba baraza linahitajika kwa shughuli nyingine, ingawa shughuli yenyewe haikuonekana.

Mama Pasi alianza kupita upande wa pili wa barabara. Akikosea akatazama, alimwona mzee ameketi nyuma ya meza yake, mikono imetulia juu ya kitambaa, jiwe la kusagia limekauka, na kando yake, kwenye kiti cha wateja, Pamba. Kila siku Pamba. Wakati mwingine wanaongea, wakati mwingine wamekaa tu.

"Nani alianzisha maneno haya, mama?" Pamba alimuuliza siku moja, akinyoosha kola. Hakuwa akituhumu. Alikuwa akiuliza kama anavyomuuliza mtu anayemwamini.

"Watu," Mama Pasi alijibu.

"Watu gani?"

"Watu, mwanangu. Watu wana majina?"

Pamba akatikisa kichwa, akaitoa pasi nje kuipepea. Na Mama Pasi akabaki akishika shati ambalo lilikuwa limeshanyooka, analinyoosha tena.

Alifikiria kusema. Jambo hili pia lisemwe. Alifikiria asubuhi, akajiambia atasema jioni. Jioni akajiambia mtoto amechoka. Alijiambia kwamba mzee ni mtu mzima, ameona mengi, maneno hayatamuua. Alijiambia uvumi ni kama mvua, utapita wenyewe. Akasahau kwamba kuna nyumba huanguka mvua ikiwa inapita.

Kisha mpwa wa mzee akaja. Aliendesha gari kutoka mji wa mbali, mwanamume mnene mwenye huruma na haraka, akaanza kupakia masanduku. Mzee alikuja mwenyewe dukani kuchukua fulana zake za mwisho. Alivaa koti, na aliitoa kofia alipofika dirishani, kama alivyofanya siku zote.

"Dada," alisema, "nimekuja kukuaga. Umezifua nguo zangu vizuri miaka mingi."

Mama Pasi alizifunga fulana zile kwenye gazeti.

"Nilitaka tuongee juu ya binti yako," mzee aliendelea. "Labda umekuwa na wasiwasi. Mama asipokuwa na wasiwasi, nani atakuwa nao? Mimi si kasisi. Sina uwezo wa kumwingiza mtu kokote, na wenzangu wengi wangenikemea hata kwa kumjibu maswali. Nilimwambia hivyo. Alipoendelea kuuliza, nikamwambia: kwanza mlete mama yako, tunywe chai, asikie kila ninachokuambia. Nilimwambia mara nyingi. Alisema mama ana kazi."

Na ni kweli. Mama Pasi alikumbuka. Pamba alikuwa amesema, zaidi ya mara moja, "Mzee anakukaribisha chai," na yeye alikuwa amejibu bila kuinua macho: mwambie nguo hazijipigi pasi zenyewe.

"Nilisisitiza," mzee alisema, "kwa sababu angeingia kwa kukuficha, angeingia kwa uongo. Na kwetu uongo ndio uchafu wa kwanza. Kwa uchafu unaitangulia hata maiti, unatangulia kila kitu kinachooza. Ukiniuliza dini yetu inaogopa nini, si giza. Ni uongo." Alitabasamu kidogo. "Nimekuwa mwalimu sasa. Nisamehe. Uzee na kukosa wateja."

Kisha akauliza, taratibu, bila ukali wowote:

"Dada, kuna kitu nilikukosea?"

Je, alijua? Mama Pasi amejiuliza swali hilo mara nyingi kuliko alivyojiuliza jingine lolote. Yale macho mazee nyuma ya vioo safi yalimtazama kama yanayosubiri, na mlango ulikuwa wazi. Neno moja tu lilitosha. Mpwa akapiga honi.

"Hapana, mzee," alisema. "Safari njema."

Hata hilo lilikuwa nusu kweli, na nusu kweli ni uongo uliovaa viatu.

Gari liliondoka. Pamba alisimama barabarani mpaka vumbi likatulia. Aliporudi alipitia mlangoni kwa Sindano, na Sindano, ambaye hakuwa mtu mbaya ila mtu asiyeweza kukaa na kitu kinywani, akamfariji.

"Shukuru Mungu, mwanangu, sasa amekwenda, utapona. Bahati yako mama yako alikiwahi kile kitu."

"Kitu gani?"

"Si kile alichokitoa kwenye fulana? Chenye uzi mweusi. Si alituonyesha sote hapa dirishani?"

Ukuta ule ulikuwa mwembamba pande zote mbili. Mama Pasi alisikia kila neno, akasimama na pasi mkononi mpaka harufu ya kitambaa kuungua ikamwamsha.

Pamba aliingia. Hakupiga kelele. Angepiga kelele ingekuwa afadhali. Mama anajua la kufanya na kelele za mwanawe.

"Ni wewe," alisema.

"Niliogopa, mwanangu. Walikuwa wanakusema wewe. Niliona heri..."

"Heri yeye."

"Heri asiwe wewe."

"Ile fulana niliishona mimi," Pamba alisema. "Hakunipa yeye. Alipoiona alinikataza kuivaa mpaka nikuonyeshe. Nilikuwa natafuta siku nzuri ya kukuonyesha." Alipangusa macho kwa mgongo wa mkono, mara moja tu. "Kilichokuwa ndani ya ule mfuko unakijua wewe, mama. Ulikifumua mwenyewe."

Kisha alichukua pasi ya pili, akamaliza nguo za siku ile. Hilo lilimuumiza Mama Pasi kuliko tusi lolote, kuona mkono ule ulionyooka, uliomtii, ukimaliza kazi kama kibarua anayelipwa kutwa.

Kesho yake asubuhi Mama Pasi alifanya alichopaswa kufanya mapema. Aliwangoja wajae dirishani, muuguzi, mlinzi, mke wa mwalimu, Sindano mlangoni kwake, akasema kwa sauti ambayo barabara nzima ingeisikia:

"Nilidanganya. Fulana haikuwa na kitu. Mzee hakumfanyia mwanangu lolote. Nilisema uongo kwa sababu nilikuwa naogopa maneno yenu."

Walitazamana. Alingoja wamtukane, alikuwa amejiandaa kwa matusi, hata aliyataka. Muuguzi alitikisa kichwa kwa huzuni.

"Mnaona?" alinong'ona. "Na huyu naye mzee amemshika."

"Mzee hatari yule," mlinzi alisema. "Yuko safarini na bado anafanya kazi."

"Jamani, nawaambia kweli!"

"Tunajua, shoga," Sindano alisema kwa upole, akimshika bega. "Kaa chini kwanza. Unywe maji."

Hapo ndipo Mama Pasi alipofahamu alichokifanya. Alidhani ameazima uongo, autumie kidogo, kisha aurudishe. Kumbe uongo wake ulikuwa umeshapata nyumba katika kila nyumba, umelala, umekula, umezoeleka, na ulipomwona mama yake barabarani haukumtambua.

Aliomba namba ya mpwa, akapiga. Mzee hasikii vizuri kwenye simu, mpwa alisema, lakini atamfikishia salamu. Mama Pasi alisema si salamu, ni kosa. Mpwa akasema atamfikishia hilo pia. Kama alifikisha, jibu halijaja.

Pamba hakukimbia nyumbani usiku wala hakuapa. Alimwambia mama yake mchana kweupe kwamba amepata kazi katika chumba cha kufulia cha hoteli, katika mji ule alikohamia mzee, na akamsaidia kupata msichana wa kushika pasi ya pili. Aliondoka na begi moja. Fulana ile aliikuta juu ya begi lake, imefuliwa, kimfuko kimeshonwa upya na mama yake kadiri mama yake alivyoweza. Aliitazama. Akaiweka ndani bila kusema neno, na mama yake hakujua neno lile lililokosekana lilikuwa asante au lilikuwa kitu kingine.

Sasa hupiga simu. Siku zake za mapumziko humsomea mzee, ambaye macho yamechoka; hilo alilisikia Sindano kwa mtu, si Mama Pasi kwa mwanawe. Kama ameingia katika dini ile, kama wale wa mbali wamempokea, kama amekataliwa, kama ameacha na kurudi kwenye ya kwao, au kama bado anauliza, Mama Pasi hajui. Hofu yake haijaisha. Bado huota kaburi lile lisilo na watu. Lakini zamani Pamba angeweza kumwambia, na alikuwa njiani kumwambia, na mlango ule aliufunga yeye mwenyewe.

"Umekula?" humuuliza.

"Nimekula, mama."

"Unalala vizuri?"

"Vizuri."

Kisha wote wawili husikiliza simu ikivuma, mpaka mmoja aseme ana kazi.

Basi mzazi mwenzangu, kama una mtoto anayeuliza habari za njia ambayo huijui, na hapo ulipo hakuna wa kukueleza, yaepuke haya:

Usimpekue kabla hujamuuliza.

Usimuulize ukiwa na wembe mkononi.

Akisema "bado nauliza," usisikie "nimeamua."

Usiseme "nani atakuzika" kwa mtu aliye hai, amekaa mbele yako, anataka kuongea.

Ukikaribishwa chai na unayemwogopa, nenda. Nguo zitangoja.

Usisafishe jina la mwanao kwa jina la mtu mwingine, hasa mtu aliyebaki peke yake, maana huyo hana ndugu karibu wa kumtetea.

Usiseme "watu" ikiwa ni wewe.

Usingoje gari liwake ndipo utafute ujasiri.

Usidhani uongo wako utarudi ukiuita.

Na akikupigia simu, usiishie kumuuliza kama amekula.